Milima sita, miwili kwa penseli

Kwa miaka tisa kazi yangu ilikuwa kufikisha wapanda mlima getini na kugeuza gari. Marangu, Machame, Londorosi, Momella. Nawashusha wageni, nasaidia kuteremsha mabegi, nasubiri wagumu, yaani wabeba mizigo, wapime mizigo yao kwenye mizani pale getini (kilo 20 kwa mtu, ikizidi inapunguzwa), halafu narudi mjini kunywa chai. Siku ya sita au ya saba nakwenda kuwachukua. Wanashuka pua zimebabuka, wananuka jasho la wiki nzima, na njia yote hawana habari nyingine isipokuwa ule usiku wa mwisho wa kwenda juu. Kabla hatujafika njia panda ya Himo lazima atokee mmoja aniulize: "Na wewe dereva, umepanda mara ngapi?"

"Mara nyingi tu," nilikuwa najibu. "Mpaka getini."

Wanacheka, nami nacheka nao. Ila jibu lile lilianza kunikera mwenyewe. Mimi ni mtoto wa Kilema, nimezaliwa chini ya Kilimanjaro. Kwetu mlima ni wa kutazamwa. Mama anautazama asubuhi kujua kama aanike kahawa au aiache ndani. Mlima wenyewe una vilele viwili, Kibo na Mawenzi, na bibi alitusimulia kwamba Mawenzi alizoea kwenda kuomba moto kwa Kibo, kila siku moto, kila siku moto, mpaka Kibo akachoka akamponda kwa mchi, ndiyo maana kichwa cha Mawenzi kimekaa vile hadi leo. Wajomba zangu wawili walibeba mizigo huko juu miaka mingi. Hawakuwahi kutusimulia kitu kuhusu kileleni, na sisi hatukuwahi kujiuliza kwa nini.

Mwaka 2020 ndege zikaacha kuja. Kampuni ikatuambia madereva tukae nyumbani hadi hali itengemae, na kukaa nyumbani maana yake ni kukaa bila mshahara. Nilikuwa na daftari la gari, lile la kuandikia kilomita na mafuta. Jioni moja nikaligeuza, nikaanza kuandika kwenye ukurasa wa mwisho: Kilimanjaro mita 5,895. Kenya 5,199. Rwenzori 5,109. Meru 4,566. Karisimbi 4,507. Elgon 4,321. Milima sita mirefu kuliko yote Afrika Mashariki. Nikasema nitaimaliza.

Orodha yenyewe ina ubishi, na nimeshabishana na kila mtu. Kuna wanaosema Mawenzi ahesabiwe peke yake, kwa kuwa ana mita 5,149 na anaipita Rwenzori. Kuna wanaosema Rwenzori si mlima mmoja, ni safu, na ndani yake mna Speke na Baker, ambayo yote miwili ni mirefu kuliko Meru. Halafu mwaka 2022 Kongo ikaingia kwenye Jumuiya, ikaja na Mikeno yake ya mita 4,437, kwa hiyo Elgon yangu ikashuka daraja mimi nikiwa nimelala. Nilikataa kubadilisha. Orodha iliandikwa 2020, nchi zikiingia baadaye zinakuta watu wameshakaa mezani.

Nilianza na Meru, Septemba ileile, kwa sababu rafiki yangu wa Usa River ni kiongozi wa mlima na yeye pia alikuwa hana kazi. Watu wanaidharau Meru. Wageni wanaipanda kuzoesha mapafu kabla ya Kilimanjaro, kama mtu anayekula karanga akisubiri wali. Mimi nasema ndiyo yenye sura kuliko yote. Siku ya kwanza unatembea na askari mwenye bunduki, maana nyati wapo na hawana utani. Unalala Miriakamba, kesho yake unapanda ngazi zisizokwisha msituni mpaka Saddle, kwenye mita 3,570. Usiku unatoka kufuata ukingo wa mlima uliobomoka upande mmoja: kushoto shimo la kreta, kulia giza. Jua lilichomoza nyuma ya Kilimanjaro tukiwa bado tunapanda. Pale juu panaitwa Kilele cha Ujamaa, jina ambalo kwa kweli limebaki na wapandaji na wazee tu. Niliporudi niliandika kwa wino: Meru, nimefika.

Kilimanjaro nilikwenda Februari 2021. Tulichanga madereva watatu, tukapanda kwa njia ya Marangu. Kwa raia wa Afrika Mashariki kiingilio kinalipwa kwa shilingi, si kwa dola, na bila hilo nisingekuwa na cha kusimulia hapa. Vibanda vya kulala ni Mandara, Horombo, Kibo. Mpaka Kibo nilikuwa najiona dume. Tukaamshwa saa tano usiku, chai na biskuti, tukaanza kupanda ule mchanga wa kokoto unaokurudisha hatua moja kila ukipiga mbili.

Baada ya pango la Hans Meyer sikumbuki vizuri. Nakumbuka nilitapika chai. Nakumbuka tulifika Gillman's, kwenye ukingo wa kreta, mita 5,685, kukiwa kunaanza kupambazuka, nikakaa kwenye jiwe. Kamba ya kiatu cha kushoto ilikuwa imefunguka. Kiongozi akasema, "Funga kiatu, twende, imebaki kama saa moja na nusu." Nikainama. Nikashika ncha mbili za kamba, nikazitazama. Nilijua kabisa kwamba kuna kitu zinafanywa, moja inapita juu ya nyingine, lakini sikuweza kukipata. Nikazishika tena. Nikaziachia. Kiongozi alichuchumaa mbele yangu akawa ananitazama vidole, haniangalii usoni.

"Mtoto wako wa kwanza anaitwa nani?"

Nikamtajia.

"Wa pili?"

Nikanyamaza. Nina watoto wawili.

Akanifunga kiatu yeye mwenyewe, akafunga fundo mbili, akaniinua kwa kwapa. "Wewe unashuka." Nilianza kumlilia kama wale wageni wangu. Imebaki mita 210 kwenda juu! Nimefanya kazi chini ya mlima huu miaka tisa! Hakujibu. Akamwita msaidizi wake, wakanigeuza. Nilipofika chini ya mita 5,000 jina la mtoto wa pili likarudi lenyewe, bila kuitwa.

Getini walinipa cheti. Ndiyo, ukifika Gillman's unapewa cheti, kimeandikwa umefika Gillman's. Wenzangu wawili walipata cha Uhuru, kilele chenyewe. Mke wangu alikitia kwenye fremu, akakitundika sebuleni karibu na picha ya harusi. Kila mgeni akija anasoma "Kilimanjaro" anasema hongera, na mimi naitikia. Ila kwenye daftari nilishindwa kuandika kwa wino. Nikachukua penseli ya mtoto.

Baadaye nilisoma jambo lililonipa faraja. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, wanaoandikwa kuwa wa kwanza kufika kileleni, walifika ukingo wa kreta tarehe 3 Oktoba 1889, wakaona kilele bado kipo mbali upande wa pili, na nguvu hazipo. Wakashuka. Walirudi tarehe 6. Yaani hata wao walikuwa na Gillman's yao, ila penseli yao ilidumu siku tatu, yangu ilikuja kudumu miaka minne.

Elgon sina mengi ya kusema, na si kwa kuidharau. Nilikwenda Juni 2022 kwa upande wa Uganda, kutoka Mbale hadi Budadiri, nikapanda njia ya Sasa. Chini kote ni migomba na kahawa vimepandwa pamoja, nyumba katikati, mifereji pembeni. Nilisimama nikajikuta natafuta kwa macho nyumba ya mama. Wenyeji wake Wagisu wanafanana nasi kwa mambo mengi ya shambani, isipokuwa sisi hatuna ile kahawa ya kujivunia kama zamani. Juu ni kreta kubwa ajabu, pana kiasi kwamba huioni kama shimo, unaiona kama nchi. Wagagai, kilele chake, nilifika nikiwa na nguvu za kutosha kula chapati mbili. Wino.

Likizo ya dereva huja na mvua, kwa sababu wageni huja na jua. Mlima Kenya nilibahatisha wiki ya kwanza ya Machi 2023, kabla masika hayajaanza. Njia ya Sirimon kutoka Nanyuki, Old Moses, kisha Shipton's kwenye mita 4,200, mabonde yamejaa miti ile ya ajabu yenye vichwa kama kabichi. Kiongozi wetu alikuwa mzee wa Kimeru, mtaratibu, anayeongea kwa kusitasita kama anahesabu chenji. Alfajiri tukafika Point Lenana, mita 4,985. Kuna vyuma vya kushika sehemu za mwisho, kuna bendera, kuna watu wanapiga picha. Nikampa simu anipige. Nikamwambia, "Mzee, hatimaye Mlima Kenya."

Akanipiga picha. Akanirudishia simu. Kisha akaninyooshea kidole ng'ambo, penye minara miwili ya mawe meusi iliyosimama wima kama meno. "Ule ni Nelion. Nyuma yake ni Batian. Batian ndio mlima wenyewe. Hapa wewe umefika Lenana."

Nilijua. Nilikuwa nimeandika mwenyewe 5,199 kwenye daftari, na 5,199 ni Batian, haipandwi bila kamba na ujuzi wa kupanda miamba. Kichwani nilijua, lakini nilitegemea hakuna atakayelisema. Alinieleza pia, bila kuulizwa, kwamba majina hayo ni ya ukoo wa laiboni, kiongozi wa kiroho wa Kimaasai: Batian ni Mbatian, Nelion ni ndugu yake, na Lenana ni mtoto wa Mbatian. Waliobatizwa ni vilele, aliyebatiza ni Halford Mackinder, Mwingereza aliyepanda Batian mwaka 1899. "Kwa hiyo wewe umeongea na mtoto," mzee akasema. "Baba hujamwona."

Wenzangu walicheka sana. Mimi nilicheka nikichelewa. Penseli ya pili.

Karisimbi nayo iwe fupi, maana ilikuwa Novemba na Novemba ya Rwanda ni matope. Unatembea na askari wa jeshi, unalala juu kwenye hema baridi, kesho unafika kwenye ukungu mtupu wa mita 4,507 uliokuja kuuona. Mnyarwanda mmoja aliniambia jina linatokana na *isimbi*, kauri nyeupe, kwa jinsi kilele kinavyong'aa kikipigwa na theluji ya mvua ya mawe. Nikamwambia hata sisi kauri ni simbi. Ndicho nilichorudi nacho.

Hilo la majina lilinifuata Rwenzori, Juni 2024.

Nimewahi kuuliza watu waliopanda Rwenzori ikoje, na wote wanakunja uso kwanza. Sasa nawaelewa. Kilimanjaro ni mlima wa pumzi, Rwenzori ni mlima wa maji. Ukitoka Nyakalengija unapewa gambuti, unavua viatu vyako vya bei ghali unaviweka kwenye begi. Baada ya kibanda cha John Matte kuna bonde linaitwa Bigo, na pale ardhi si ardhi, ni sifongo. Kuna vichuguu vya majani, unaruka kutoka kimoja hadi kingine. Ukikosea unazama mpaka gotini, na matope yanakunyonya kiatu kama mtoto anayenyonya. Mara moja mguu wangu ulitoka na gambuti ikabaki. Mkonzo, mwenyeji wa huko, aliyebeba begi langu aliirudia, akaingiza mkono mpaka begani, akaivuta ikatoka na mlio nisioweza kuuandika hapa. Akamwaga matope, akanikabidhi. Kiswahili chake kilikuwa cha upande wa Kongo, kitamu. Alisema mlima huu unapandwa kwa makalio.

Usiku, kwenye kibanda cha Bujuku, aliniambia theluji kwa Lukonzo ni *nzururu*, na humo ndimo limo jina la ufalme wao, Rwenzururu. Nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekisoma: mwaka 1888 Stanley alipouona mlima huu, kijana mmoja wa msafara wake ndiye aliyemwonyesha, akisema ni mlima uliofunikwa na chumvi. Na miaka 40 kabla ya hapo, mmisionari Johannes Rebmann akiwa njiani kuja kwetu, Mei 1848, aliona weupe juu ya Kilimanjaro, akamuuliza kiongozi wake ni nini, na kiongozi akamjibu: baridi. Baridi tu. Wataalamu wa London wakamkatalia Rebmann kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na Ikweta. Yule kiongozi hakuna aliyemkatalia, kwa sababu hakuna aliyemuuliza tena. Mimi nilidhani ni jibu la mtu asiyejua. Nilipolala Elena, kwenye mita 4,541, nguo zote nimezivaa na bado meno yanagongana, nikaona kwamba alijua vizuri sana.

Barafu ya Margherita, kilele cha juu cha Rwenzori, ndiyo barafu ya kwanza niliyoikanyaga maishani. Unafungwa meno ya chuma chini ya viatu, unafungwa kamba kiunoni na mwenzako. Viongozi wanasema kila baada ya muda njia inabidi ihamishwe kwa sababu barafu imerudi nyuma na kuacha mwamba mtupu. Tulifika mita 5,109 ukungu umefunga. Upande mmoja Uganda, upande wa pili Kongo, na zote mbili hazionekani. Nilikumbatiana na mtu nisiyemjua jina la ukoo. Wino, tena nilikandamiza mpaka ukurasa ukatoboka.

Ikabaki ile ya nyumbani.

Machi 2025 nilirudi Marangu. Safari hii niliomba siku ya ziada Horombo, ya kuzoea hewa, na sikuona aibu kuiomba. Na kwa kuwa sikuwa na haraka nikaanza kuwatazama wagumu, watu ambao kwa miaka tisa nilikuwa nawaona kwenye mizani tu. Kibo hakuna maji. Chai yote inayonywewa pale, uji wote, supu yote, maji yake yanabebwa kutoka chini, kwenye kijito cha mwisho, juu ya mabega ya mtu. Mgumu aliyebeba begi langu alikuwa kijana wa miaka kama 24, wa kijiji cha jirani na kwetu. Nikamuuliza ameshapanda mara ngapi. Akahesabu kwa vidole, akaacha. "Kwa mwaka ni kama mara kumi na tano, kumi na nane."

"Na Uhuru?"

"Uhuru sijafika." Alisema kama anayesema hajafika Mwanza. "Sisi tunaishia Kibo. Wageni wakipanda usiku, sisi tunalala, tunawasubiri na uji."

Nikawakumbuka wajomba zangu.

Usiku ule nilipanda polepole kweli, siyo ile polepole ya kuwaambia wageni. Gillman's niliifikia kukiwa bado giza. Nikakaa kwenye jiwe, sijui kama ni lilelile, nikafungua kamba za kiatu makusudi, nikazifunga. Kiongozi akashangaa. Nikamtajia majina ya wanangu wote wawili, akashangaa zaidi. Tukaendelea kuzunguka ukingo. Tukapita Stella Point. Kushoto kuta za barafu, chache, zimesimama mbalimbali kama nyumba zilizobaki baada ya bomoabomoa. Wanasayansi walipima kwamba kati ya 1912 na 2007 asilimia 85 ya barafu ya hapa ilikuwa imekwisha. Saa moja na dakika ishirini asubuhi nikagusa ubao wa Uhuru. Hapa ndipo Luteni Alexander Nyirenda alipouwasha mwenge usiku wa Uhuru, Desemba 1961. Nilikuwa nimepanga kulia. Machozi hayakuja, kamasi ilikuja. Nikapiga picha tatu, nikatafuta Kilema kwa macho, kulikuwa na mawingu. Dakika kumi na mbili, tukageuka.

Jioni ya kesho yake getini nikapewa cheti cha Uhuru. Nikafungua daftari nikiwa bado nimekaa kwenye ngazi za ofisi, nikafuta penseli, nikaandika kwa wino. Mlima Kenya nimeuacha kama ulivyo. Watu wananiambia hakuna mtu wa kawaida anayehesabu Batian, kwamba sita zimekamilika, nifanye sherehe. Sherehe nimefanya, mbuzi kaliwa. Ila mstari ule bado ni wa penseli: Lenana, 4,985.

Nikiwa nafunga daftari yule kijana akaja kuniaga. Alikuwa ameshapata kazi nyingine, kundi la Wajerumani, wanaanza keshokutwa. Akasimama kidogo, kisha akaniuliza kama tochi yangu ya kichwani nitaiuza.

"Unaitakia nini? Si mnalala Kibo?"

"Safari hii mkubwa wa msafara kasema nitakwenda nao juu, nikasaidie wageni. Usiku." Akatabasamu. "Sina tochi."

Niliivua shingoni. Nikafungua begi, nikatafuta na betri.